Vidokezo 13 vya Kunasa Akaunti Zinazokalia SOL Zako Bure

Ukiutumia mtandao wa Solana kwa miezi kadhaa, ukabadilisha sarafu hii kwa ile, ukapokea tokeni za bure na kujaribu soko moja baada ya jingine, pochi yako hubaki na msururu wa akaunti usizozitumia na pengine usizozijua. Kila moja imeshikilia kiasi kidogo cha SOL, sarafu ya mtandao huo. Hiyo SOL hukuitoa kama ada ya kwenda moja kwa moja. Ni amana, na ina njia ya kurudi.

Utaratibu wake unafanana na wa chupa za soda dukani: ukitaka kuondoka na chupa unaacha hela ya chupa, ukiirudisha unapewa chako. Kwenye Solana unachoondoka nacho ni nafasi katika kumbukumbu za mtandao. Kila mthibitishaji, yaani kila kompyuta inayohakiki miamala, lazima aitunze nafasi hiyo, ndiyo maana amana hudaiwa kabla akaunti haijafunguliwa. Nyaraka za Solana huiita kodi, ila siku hizi haikatwi kidogo kidogo. Inakaa nzima ndani ya akaunti hadi siku akaunti itakapofungwa.

Kuzipata akaunti hizi ni kazi ya dakika chache. Kazi kubwa ni kuamua ipi ni mzigo na ipi bado inahitajika, na hapo ndipo wengi wanapofunga wasichopaswa kufunga. Vidokezo hivi vimepangwa kwa mfuatano wa kazi yenyewe: hesabu, msako, uamuzi, kisha kufunga.

1. Jua bei kabla ya kuanza kusaka

Amana hupangwa kwa ukubwa wa akaunti na si kwa thamani ya kilichomo. Chukua baiti za data, ongeza 128 ambazo kila akaunti huhesabiwa hata ikiwa haina data yoyote, kisha zidisha kwa lamporti 6,960. Lamporti bilioni 1 ndizo SOL 1. Jina hilo ni heshima kwa Leslie Lamport, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani.

Akaunti ya kawaida ya tokeni ina baiti 165. Piga hesabu: 293 mara 6,960 ni lamporti 2,039,280, yaani SOL 0.00203928. Ikiwa umewahi kushika tokeni 50 tofauti, umefungia SOL 0.101964. Ada ya msingi ya muamala ni lamporti 5,000 kwa kila saini, kwa hiyo amana ya akaunti moja inazidi ada hiyo zaidi ya mara 400. Kazi ya kuifunga inajilipa.

Viwango hivi ni vigezo vya mtandao na vinaweza kubadilishwa. Usikariri, uliza mtandao wenyewe. Kwenye kompyuta iliyowekwa zana za Solana, amri ya solana rent 165 itakupa kiwango cha siku hiyo.

2. Orodhesha zote, si zile tu unazoonyeshwa na pochi

Pochi nyingi huficha tokeni zenye salio la sifuri ili ukurasa usijae. Hizo zilizofichwa ndizo unazozitafuta. Bandika anwani yako kwenye tovuti ya Solscan au Solana Explorer, fungua sehemu ya tokeni, na hakikisha hujachuja salio za sifuri. Anayependa terminali atumie amri ya spl-token accounts.

Angalia mtego huu: Solana ina programu mbili za tokeni. Ya zamani ina anwani inayoanza na Tokenkeg, na mpya, iitwayo Token-2022, inaanza na Tokenz. Sarafu ya PYUSD ya PayPal, kwa mfano, imejengwa juu ya hiyo mpya. Mwandishi wa skripti akiita getTokenAccountsByOwner kwa programu ya zamani peke yake, atapata nusu ya habari na kudhani amemaliza. Iite mara mbili, kisha unganisha majibu.

3. Sifuri si hukumu

Hapa ndipo pa kutulia. Akaunti yenye salio la sifuri ni mtuhumiwa tu. Kabla hujaifunga, iulize maswali matatu: Je, nitapokea tokeni hii tena hivi karibuni? Je, kuna mtu au programu inayoitegemea anwani hii? Je, nikiifunga, nani atalipa kuifungua upya?

Chukua mfanyabiashara anayelipwa kwa tokeni ya USDC. Jioni anahamisha mauzo yote kwenda sokoni, akaunti inabaki sifuri. Kesho asubuhi mteja wa kwanza atalipa tena. Akiifunga kila usiku anarudishiwa amana, halafu kesho yake mtu mwingine, mara nyingi mteja, analazimika kuilipia upya. Baadhi ya mifumo ya malipo haijiandai kufungua akaunti ya mpokeaji. Muamala unakataliwa tu, na mteja anadhani duka lina tatizo.

Kwa upande mwingine, tokeni ya mzaha uliyonunua kwa msisimko na kuiuza siku ileile haina cha kungoja. Funga. Kanuni inayofaa kwa watu wengi ni hii: sarafu unazopokea mara kwa mara ziachie akaunti zake hata zikiwa tupu, zilizopita njia mara moja, zifunge.

4. Soma nyendo zake za mwisho, lakini usidanganyike

Kila akaunti ya tokeni ina anwani yake, tofauti na ya pochi yako. Ifungue kwenye Solscan utazame muamala wa mwisho. Kwa wanaoandika skripti, getSignaturesForAddress inafanya kazi hiyohiyo. Akaunti isiyoguswa kwa mwaka mzima na yenye sifuri ni mtuhumiwa mkubwa kuliko iliyotumika juzi.

Ila tarehe ina udanganyifu wa namna mbili. Kwanza, watapeli hutuma vijisenti visivyo na thamani kwa maelfu ya anwani, hivyo akaunti mfu inaweza kuonekana ina shughuli za jana. Tazama nani aliyesaini: kama si wewe, huo si uhai. Pili, ukimya si kifo. Akaunti ya akiba haiguswi kwa miaka, na ndiyo kazi yake. Kwa hiyo umri utumike kupanga foleni ya kukagua, usitumike kutoa uamuzi.

5. Tenga akaunti kuu na akaunti za pembeni

Kwa kila tokeni, pochi yako ina akaunti kuu moja ambayo anwani yake hukokotolewa kutokana na anwani ya pochi, programu ya tokeni na tokeni yenyewe. Ukiifunga leo na kuifungua mwakani, itarudi kwenye anwani ileile. Hii inapunguza hatari ya kufunga: njia ya kupokea haijapotea.

Lakini zipo akaunti za pembeni, zilizofunguliwa na masoko ya zamani au programu fulani kwa ufunguo wa nasibu. Unaweza kuwa na tokeni moja iliyogawanyika kwenye akaunti tatu. Hizi ndizo ziada halisi. Amri ya spl-token gc iliundwa kwa ajili yake: hukusanya salio lililotawanyika, hulihamishia kwenye akaunti kuu, kisha hufunga za pembeni. Akaunti kuu zilizo tupu haizigusi mpaka uiagize kwa kuongeza --close-empty-associated-accounts.

Tahadhari moja: akaunti ya pembeni ikishafungwa, anwani yake haikokotolewi tena kutoka popote. Kama uliwahi kumpa mtu anwani hiyo kamili ili akulipe, mjulishe kwanza.

6. Taka za wengine zina hela zako

Umeamka ukakuta picha ya NFT inayodai umeshinda zawadi, au tokeni yenye jina la tovuti. Usibofye kiungo chochote kilichomo. Lakini usiipuuze pia. Aliyekutumia tokeni ya kawaida alilazimika kulipa amana ya akaunti yako, na mwenye haki ya kuifunga ni wewe. Yaani tapeli amekuachia SOL 0.00203928 mlangoni.

Akaunti yenye salio haifungiki, hivyo lazima uichome tokeni kwanza, kisha ufunge. Pochi kama Phantom ina kitufe cha kuchoma kinachofanya yote mawili. Kabla ya kuchoma, linganisha anwani ya tokeni, si jina wala picha, na ile iliyotangazwa na mradi halisi. Majina yanaigwa, na kilichochomwa hakirudi.

Kuna mambo mawili ya kujua kuhusu NFT. Zilizobanwa, ambazo zimekuwa chombo kipenzi cha wasambaza taka kwa sababu ni rahisi mno kuzitengeneza kwa wingi, hazina akaunti zake. Ni majani kwenye mti mmoja wa data. Ukizichoma unasafisha ukurasa wa pochi lakini hurudishiwi kitu. NFT za kawaida za mfumo wa Metaplex, kinyume chake, zina akaunti zaidi ya moja: ya tokeni, ya maelezo na ya toleo. Ukizichoma kwa njia ya kawaida ya tokeni unafunga ya kwanza tu na kuziacha nyingine. Tumia zana inayoita amri ya kuchoma ya Metaplex yenyewe.

7. Itafute SOL iliyovaa koti

Masoko mengi ya kubadilishana hayawezi kushughulikia SOL moja kwa moja. Huigeuza kwanza kuwa tokeni, wSOL, kisha huirudisha. Muamala ukikatika katikati, au soko likiwa na uzembe, wSOL hubaki kwenye akaunti yake, na mwenyewe hashtuki kwa sababu kwenye orodha inaonekana kama SOL nyingine tu.

Hii ndiyo akaunti pekee ya tokeni inayofungika ikiwa na salio. Ukiifunga, kilichomo pamoja na amana vinarudi kwenye pochi kama SOL ya kawaida. Anza nayo kabla ya nyingine zote: haina cha kuchomwa, na wakati mwingine ndiyo yenye kiasi kikubwa kuliko zote. Hakikisha tu huna oda au mkopo unaoitumia.

8. Usihangaike na vidagaa ukasahau papa

Akaunti za tokeni ni nyingi lakini ni ndogo. Kubwa zaidi zimejificha nje ya orodha ya tokeni.

Waliofanya biashara kwenye jukwaa la Serum wanaijua akaunti ya oda. Ina baiti 3,228, na amana yake ni SOL 0.02335776, sawa na akaunti za tokeni zaidi ya 11. Ilikuwa moja kwa kila soko. Soko la FTX, lililokuwa na uhusiano na Serum, lilipoanguka Novemba 2022, imani kwa Serum ilianguka nalo na jamii ya wasanidi ikaunda nakala yake, OpenBook. Waliohama haraka waliziacha akaunti hizo wazi. Kama uliwahi kutumia Serum au pochi yako ilipitisha oda zako huko, tafuta miamala yako ya 2021 na 2022.

Nyingine za kukagua, hata kama si kubwa hivyo, ni akaunti ya dhamana, ile unayoitumia kukabidhi SOL zako kwa mthibitishaji, yenye amana ya SOL 0.00228288. Baada ya kuisimamisha, subiri kipindi cha mtandao kiishe, ambacho ni kama siku mbili, kisha toa chote bila kubakiza. Akaunti ya nonce, inayotumika kusaini miamala ya baadaye, inashikilia SOL 0.00144768, na mwenye mamlaka nayo anaweza kutoa zote na ikajifunga. Meza za anwani (address lookup tables) nazo hufungwa kwa hatua mbili: unazizima kwanza, unasubiri dakika chache hadi sloti zaidi ya 500 zipite, ndipo unazifunga.

9. Wasanidi, tazameni vilivyobaki baada ya kupakia programu

Unapopakia programu kwenye Solana, msimbo hupandishwa kwanza kwenye akaunti ya muda. Mtandao ukikatika katikati, akaunti hiyo inabaki na amana yake yote. Programu ya baiti 300,000 inadai kama SOL 2.09. Ukishindwa mara tatu na kuanza upya kila mara, umeacha zaidi ya SOL 6 nyuma yako.

Amri ya solana program show --buffers huorodhesha zilizo chini ya mamlaka yako. Amri ya solana program close --buffers huzifunga na kukurudishia amana. Upakiaji ukifeli, zana huandika maneno 12 ya kurejesha akaunti hiyo ya muda. Yanakili, kwa sababu unaweza kuendelea ulipoishia badala ya kulipa upya.

Kuifunga programu yenyewe ni suala jingine kabisa. Anwani yake haitatumika tena milele, na chochote kilichofungiwa kwenye akaunti zinazoongozwa nayo hakitakuwa na wa kukitoa. Funga programu tu baada ya kuhakikisha haina akaunti hata moja yenye mali ya watu. Swali hilo hujibiwa na getProgramAccounts.

10. Unawalipia wateja? Fungua daftari tangu siku ya kwanza

Programu nyingi za malipo sasa humlipia mteja ada ili asilazimike kununua SOL kwanza. Ni ukarimu wenye faida, ila una kitobo: pamoja na ada ndogo, mlipaji anatoa pia amana ya akaunti mpya ya tokeni ya kila mteja. Wateja 10,000 wenye akaunti mojamoja ni SOL 20.3928. Na kwa mpangilio wa kawaida, mwenye kuifunga akaunti ni mteja, naye huchagua amana iende wapi. Aliyelipa hatajwi popote ndani ya akaunti.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila unapofungua akaunti, andika: anwani yake, pochi ya mteja, tokeni, saini ya muamala, kiasi na tarehe. Kisha kila wiki ziulizie hali kwa getMultipleAccounts, ambayo huchukua anwani hadi 100 kwa mara moja, na uzigawe hivi:

– Haipo tena: mteja ameifunga na amana imekwenda kwake. Iandike kama gharama.
– Ipo, ni sifuri, haikupokea kitu tangu izaliwe: mteja alijisajili akaishia hapo. Hii ndiyo ziada ya wazi.
– Ipo, ni sifuri, lakini iliwahi kutumika: ipe muda wa neema.
– Ina salio: ni mali ya mtu. Usiiguse.

Kama unataka haki ya kurejesha amana, njia halali ni kuomba mamlaka ya kufunga wakati wa kuifungua. Mmiliki husaini kukupa mamlaka hayo, na kwa kuwa akaunti yenye tokeni haifungiki, fedha zake haziwezi kuguswa kwa njia hiyo. Mwambie mteja kwa lugha anayoielewa kwamba akaunti iliyolala itafungwa baada ya muda fulani. Kama hukuomba mamlaka mapema, hesabu amana hizo kuwa gharama ya kupata wateja na ubadili utaratibu kuanzia leo.

Daftari hilohilo litakunasia wezi. Mjanja hufungua akaunti kwa gharama yako, huifunga papo hapo, hutia amana mfukoni, kisha hurudia. Kwa kuwa anwani ya akaunti kuu haibadiliki, utaona pochi ileile na tokeni ileile zikilipiwa mara ya pili, ya tatu, ya nne. Weka kikomo: pochi moja, tokeni moja, ufadhili mara moja.

11. Zinazogoma kufungwa zina sababu

Ukijaribu kufunga akaunti ikakataa, usirudie bila kufikiri. Sababu ni chache na zinajulikana.

Huenda kuna chembe ya salio. Tokeni nyingi zina sehemu sita au tisa za desimali, na pochi ikikuonyesha 0.00 haimaanishi ni sifuri. Choma au hamisha chembe hiyo.

Huenda mamlaka ya kufunga yako kwa mwingine. Yakishawekwa, mmiliki hawezi tena kuifunga mwenyewe.

Huenda akaunti imegandishwa na mtoa tokeni. Iliyogandishwa ikiwa na salio haichomeki wala haihamishiki, kwa hiyo amana imenaswa mpaka aiachie.

Kwenye Token-2022 huenda kuna makato ya uhamisho yaliyozuiliwa ndani ya akaunti. Yanapaswa kuvunwa kwanza kwenda kwenye akaunti mama ya tokeni (mint). Kazi hiyo inaweza kufanywa na mtu yeyote, hata wewe.

Na kama unajaribu kufunga akaunti mama ya tokeni uliyoitoa mwenyewe kwa programu ya zamani, acha: haina njia ya kufungwa. Token-2022 ndiyo iliyoleta uwezo huo, kwa sharti kwamba mamlaka yake yaliwekwa tangu mwanzo na hakuna tokeni yoyote iliyobaki kwenye mzunguko.

12. Funga kwa mafungu, na usome unachosaini

Muamala mmoja wa Solana hauwezi kuzidi baiti 1,232. Humo zinaenea amri ishirini na kitu za kufunga, kwa ada ya saini moja. Anza na fungu la akaunti mbili tatu, thibitisha SOL imerudi, ndipo uendelee.

Zana za kwenye tovuti zinarahisisha kazi, na nyingi hukata asilimia. Hilo si kosa ikiwa wamesema. Hatari ni tovuti bandia zinazoahidi kukurudishia amana huku zikifagia pochi nzima. Kinga yako ni kusoma orodha ya amri kabla ya kusaini. Unachotarajia kuona ni kuchoma, kufunga, na pengine uhamisho mdogo wa kamisheni. Ukiona amri ya kubadili mamlaka, ya kumwidhinishia mtu salio lako, au ya kuikabidhi akaunti yako kwa programu nyingine, funga ukurasa huo. Tazama pia amana inapelekwa wapi: kila amri ya kufunga hutaja mpokeaji, na mpokeaji huyo awe wewe.

Maneno yako ya siri, yawe 12 au 24, hayahitajiki kwa kazi hii hata kidogo. Anayeyaomba ni mwizi.

13. Nje ya Solana, badili macho

Si kila mnyororo wa bloku (blockchain) una amana. Ethereum haina, na matokeo yake yalionekana Septemba na Oktoba 2016, pale mshambuliaji alipotumia dosari ya bei kuzalisha takriban akaunti milioni 19 zisizo na kitu. Ilibidi mtandao mzima ubadili kanuni mnamo tarehe 22 Novemba mwaka huo ili zifagiliwe. Kwa mtumiaji wa kawaida wa Ethereum, kufunga akaunti hakumpatii chochote. Cha kukagua huko ni ruhusa za zamani alizozipa programu juu ya tokeni zake.

XRP Ledger na Stellar zinafanana zaidi na Solana. Tangu Desemba 2024, akaunti ya XRP inashikilia XRP 1, na kila kitu inachomiliki, kama mstari wa uaminifu wa tokeni, kinashikilia 0.2. Mstari ulio tupu na uliorudishwa kwenye mpangilio wake wa awali hujiondoa wenyewe na kuachia akiba hiyo. Stellar inadai XLM 1 kwa akaunti na 0.5 kwa kila mstari, na akaunti usiyoihitaji unaweza kuiunganisha na nyingine na salio lote likahamia huko. Huko pia msako ni uleule: orodhesha, uliza nani anaitegemea, ndipo ukate.

Kwa kifupi, akaunti ni ziada pale tu mambo matatu yanapokutana: haina kitu, haina kazi mbele yake, na mwenye mamlaka ya kuifunga ni wewe. Likikosekana moja, iache. Amana haiozi wala haipungui kwa kukaa, kwa hiyo hakuna muda wa mwisho unaokukimbiza, na anayekuambia ufanye haraka anakutafutia balaa. Tenga siku moja kila baada ya miezi mitatu, pitia orodha yako kwa utulivu, na urudishe kilicho chako.